Chumba cha Buluu pale Kiminini

Miaka ya hamsini, mtu aliyetaka kabati la vyombo lenye magurudumu mjini Bungoma alielekezwa nyuma ya msikiti, kwa fundi Walubengo. Hakuna fundi mwingine aliyetengeneza makabati hayo. Kadija, aliyeuza chai karibu na stesheni, alinunua moja akapanga vikombe ndani, na mara nyingi alijiuliza kwa nini kabati lizungukwe na fito pande zote kama zizi la ndama. Alipomwuliza, Walubengo alimjibu kwamba ndivyo Ulaya wanavyofanya. Hilo lilikuwa kweli, ila Ulaya hawaweki vikombe.

Kabati la kwanza lilitengenezwa mwaka wa 1938, nje ya Kiminini, kwenye shamba la mahindi la mzungu ambaye vibarua walimwita Bwana Mapengo, ila si mbele yake. Walubengo, kijana wa Chwele, alikuwa boi wa nyumba pale. Alikuwa mtu wa kuiga, wala hakulificha. Bwana Mapengo alipovaa kofia ya ukindu, Walubengo naye alitafuta kofia ya ukindu. Bwana alipofuga masharubu, Walubengo alifuga pia, ingawa yake yalikubali kuota upande mmoja tu. Kwa hiyo memsabu, mke wa bwana, alipopata mimba na kuanza kupaka rangi chumba cha pembeni, watu wa shambani hawakuuliza kitakachofuata. Walikaa wakangoja.

Walubengo ndiye aliyeshika ngazi. Alimwona memsabu akipaka kuta rangi ya buluu, akichora sungura wanono kuzunguka chumba kizima, akitundika pazia, na kuning'iniza ndege wa mbao juu ya kitanda kidogo chenye fito na magurudumu. Mtoto alipozaliwa alilazwa humo kwa heshima zote. Ni kweli kwamba kila asubuhi Walubengo alipoingia kuwasha moto, alikikuta kitanda kitupu na mtoto amelala fofofo mgongoni mwa yaya wake, Jepkosgei. Jambo hilo aliliona kwa macho yake mawili na halikumfundisha kitu.

Lakini hakuwa mjinga tu. Yeye na mkewe Nasambu walikuwa wamezika watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa palepale shambani, mikononi mwa majirani waliojua kupiga kelele kuliko kuzalisha, na hakumaliza wiki. Kwa wa pili, Nasambu alisema hapana, safari hii nakwenda kwa mama. Mama yake, Peris, ndiye aliyekuwa mkunga wa nusu ya Chwele. Walianza safari kwa miguu, na uchungu ukamshika Nasambu wakiwa wamevuka mto Kamukuywa. Mtoto alizaliwa kando ya barabara na hapo ndipo alipobaki.

Sasa mimba ilikuwa ya tatu. Nasambu aliona jambo moja tu, kwamba anamhitaji mama yake. Mama yake hangeweza kuja. Katika desturi ya Wabukusu mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Peris alikuwa mtu wa misheni, alisali kila Jumapili na kuimba sauti ya pili, lakini katika mambo ya wakwe Mungu hakuombwa ushauri.

Walubengo aliona jambo jingine. Watoto wa wazungu wanaishi, na watoto wa wazungu wana chumba cha buluu. Alichukua mambo hayo mawili akayapigilia msumari mmoja.

Akajenga. Aliongeza chumba cha udongo ubavuni mwa nyumba yake, chenye mlango wa kuingilia kutoka walikolala wao. Rangi aliipata kwa kukoroga udongo mweupe na buluu ya kufulia nguo, na kwa wiki nzima mashati ya Bwana Mapengo yalitoka kwenye kamba yakiwa na umanjano kidogo. Pazia alilishona kutoka gunia la unga. Debe la mafuta ya taa alilikata akapata ndege, wembamba na wakali kiasi kwamba mmoja alimkata yeye mwenyewe kidole. Kitanda kilitoka kwenye masanduku ya chai, na magurudumu yake aliyakata kwenye gogo la msonobari, manne, karibu ya mviringo.

Sungura ndio waliomshinda. Aliwachora kwa mkaa, akasogea nyuma, akaridhika. Chelimo, jirani yao mchunga ng'ombe, alipita kuomba moto akasimama mlangoni muda mrefu.

"Hawa fisi," akasema, "umewaweka wangapi?"

Nasambu alicheka mpaka akashika tumbo. Walubengo hakucheka, kwa sababu fisi katika chumba cha mtoto si mapambo. Jioni ile aliwaongezea wote pembe, wawe mbuzi.

Hadi hapo ilikuwa kichekesho cha shamba, na watu walikifurahia bila gharama. Kisha akaja Lenah, mke wa nyapara, aliyekuwa na sauti ya kufika mbali. Lenah aliuliza tangu lini mtu akamtandikia kitanda mtoto ambaye hajazaliwa. Nguo hazinunuliwi, jina halitajwi, hata idadi ya miezi husemwa kwa kuzungukazunguka, na huyu amemjengea nyumba nzima na kumchorea mbuzi. Chumba kikikaa tayari bila mwenyewe, alisema, kuna wengine wasio na mahali pa kulala ambao huja kukiangalia. Baada ya siku chache habari ilikuwa imefika Chwele, na imefika ikiwa imenenepa.

Jibu la Peris lililetwa na mwuza tumbaku aliyekuwa akienda soko la Kitale. Alisema amesikia mkwe wake amemchimbia mjukuu wake chumba. Alitumia neno hilohilo, kuchimba, kama la kaburi. Alisema binti yake atoke katika nyumba hiyo mara moja.

Nasambu aliacha kucheka. Asubuhi iliyofuata Walubengo alimkuta anafunga mzigo. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, Kamukuywa umejaa, na tumbo lake lilikuwa limeshashuka. Mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba hatafika, na yeye mwenyewe aliona. Lakini alisema heri njiani kuliko ndani ya kile kitu.

"Hicho chumba si cha mtoto," Walubengo akasema.

"Ni cha nani?"

"Cha mama yako."

Mpaka mdomo uliposema, kichwa kilikuwa hakijui. Nasambu alimtazama kama mtu anayepima mahindi ya mwenzake.

"Mama alale mahali ambapo mlango wake unafungukia kitandani kwetu?"

"Mlango si unazibwa."

Basi aliuziba. Nasambu alikaa juu ya mzigo wake akimsimamia, kila akiona ufa anaunyooshea kidole, na hakufungua hata fundo moja mpaka udongo ulipofika juu. Walubengo akatoboa mlango mwingine upande wa migomba. Likazuka swali ambalo lilifurahisha shamba zima: je, hizi ni nyumba mbili, au ni moja iliyozibwa? Kesi ilipelekwa kwa Wekoye, mzee aliyeamua kesi zote pale kwa sababu bwana alikuwa ameshamwachisha kazi nyingine. Wekoye alizunguka kuta, akagonga hapa na pale, akaonja pombe aliyoletewa, akaonja tena kwa uhakika, akasema nyumba ni mlango na mafiga. Mlango upo. Yawekwe mafiga.

Mafiga matatu yakawekwa katikati ya chumba, chini ya ndege wa debe, na moshi wa kwanza ukawatia weusi mbuzi wote nyusoni. Mwuza tumbaku akarudi Chwele na ujumbe kwamba hakuna mtoto aliyejengewa kitu. Ni mama mkwe aliyejengewa nyumba yake, yenye moto wake.

Peris alifika juu ya lori la mbolea, amekaa kwenye kigoda alichokuja nacho. Walubengo alijitupa kichakani hadi mama mkwe akapita. Kisha akazunguka, akakaa chini nyuma ya ukuta wa buluu, akajifanya anakaza mpini wa jembe. Hawaruhusiwi kusemezana, lakini ukuta wa udongo una masikio ya kutosha, na Nasambu alisimama mlangoni kupitisha maneno ambayo kila mtu alikuwa ameshayasikia.

"Nasambu, mwambie mwenye boma nimefika."

"Amesikia, mama."

"Mwulize hawa ni wanyama gani."

Walubengo aliliambia jembe kwamba ni mbuzi.

"Anasema mbuzi."

"Mwambie mbuzi wa kwetu hawana mkia wa fisi."

Ndani, kitu kilisukumwa, magurudumu yakalia. Nasambu alishika mhimili wa mlango.

"Na hili zizi?"

Mama angesikia neno mtoto, angepanda lori lilelile kurudi. Dereva alikuwa bado anakunywa uji kwa Lenah.

"Ni kabati," Walubengo akaliambia jembe. "La vibuyu vya mama."

"Anasema ni kabati lako, mama."

"Kabati lina miguu ya gari?"

"Ni ili lisogee wakati wa kufagia."

Mtu aliyezalisha nusu ya Chwele hakosi kujua kitanda cha mtoto akikiona, hata kama kimechongwa na mwendawazimu. Lakini Peris alikuwa amemwona pia binti yake, na jinsi tumbo lilivyoshuka. Kikasikika kibuyu kikiwekwa ndani ya fito, kisha cha pili.

"Mwambie ni kabati zuri," Peris akasema. "Na alete kuni kavu. Hizi ni za mtu aliyezoea kupikiwa na wazungu."

Mtoto alizaliwa mvua ikinyesha, ndani ya chumba cha buluu, mbele ya mbuzi. Lenah, ambaye alijipatia nafasi ndani ili asisimuliwe na mtu, alisema kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili na kwamba Peris alikifungua bila haraka, kama anayefungua kamba ya ndama, huku akimkemea Nasambu asipoteze pumzi kwa kupiga kelele. Kisha mtoto akalia. Alikuwa msichana, na kwa sababu ya mvua akaitwa Nafula.

Memsabu alipopata habari alikuja kuona, amebeba kopo la rangi iliyobaki. Alitazama kitanda kilichojaa vibuyu, akauliza mtoto analala wapi. Nasambu akamgeuzia mgongo kumwonyesha. Jepkosgei, aliyekuwa amemfuata memsabu na mtoto wao mgongoni, alitazama nje kwa adabu.

Peris alisema atakaa mpaka binti apate nguvu. Binti alipata nguvu, Peris akasema atakaa mpaka palizi iishe. Palizi ikaisha, akaanza kusifu mahindi. Walubengo hakuweza kuingia katika chumba alichokijenga. Mwanawe, aliyekuwa akishinda kwa bibi yake, alimwona mlangoni pake tu, akiletwa na kuondolewa, na sauti yake aliisikia kupitia kwenye ukuta alioukandika mwenyewe.

Siku moja ya Jumapili alichukua msumari mrefu akatoboa tundu pale palipokuwa mlango wa zamani. Akapitisha uzi, akamwomba Nasambu aufunge juu kwenye ndege wa debe. Kisha akarudi upande wake, akakaa kitandani, akavuta.

Ndege wakagongana. Ndani, Nafula aliyekuwa akilia akanyamaza, kisha kikasikika kicheko kifupi. Walubengo aliacha kuvuta, akangoja. Aliijua desturi, na tundu kwenye ukuta uliozibwa si jambo ambalo Wekoye alikuwa ameliamua.

Upande wa pili kigoda kilisogezwa karibu na ukuta.

"Nasambu," Peris akasema, ingawa Nasambu alikuwa ameshakwenda mtoni, "mwambie mwenye boma avute tena."