Tapioka Kwenye Mchuzi wa Changu

Mimi kwa kushuku sijambo. Hata muuza nyanya wa Kariakoo akinichekea, naanza kupekua fungu lake kwa chini. Kwa hiyo mchuzi wa samaki changu wa nyumbani kwa mama, Ilala, ulipoanza kuwa mzito kupita kiasi, nilijua kuna mtu anatuchezea.

Nilimshuku wifi. Tangu kaka aoe na kumleta pale, kila Ijumaa nikienda kula nakuta mlango wa jikoni umefungwa. Mchuzi unang'aa, umeshika kijiko, lakini nazi huisikii mdomoni. Siku moja nikajifanya natafuta chumvi, nikaona nyuma ya kopo la unga kipakiti cha tapioka, ule wanga wa muhogo wa chengachenga ambao ukigusa mchuzi wa moto tu, mchuzi unakuwa mzito. Nikasema moyoni, nimemnasa. Mama yangu, aliyetulea kwa tui la nazi mbili, leo analishwa gundi na mvivu wa kukamua.

Nilifungasha mchuzi kwenye kikopo, nikaenda nao kwangu Buguruni, nikaulaza kwenye friji. Tui la kweli likilala, mafuta meupe yanaganda juu. Huu uliganda wote, ukawa unatikisika. Kesho yake nikarudi Ilala na ushahidi wangu, nikauweka mbele ya mama na kumweleza yote, wifi mwenyewe amesimama pale pale. Nilifurahi, nakiri.

Wifi aliinamisha kichwa. "Ni mimi, wifi. Nisamehe."

"Usijitwishe yasiyo yako," mama akamwambia. Kisha akanigeukia. "Mchuzi huo nimeupika mimi. Mikono yangu haikamui tena, na sikuwa tayari kuachia jiko. Tapioka nilimtuma yeye, na mlango nilimwambia mimi afunge, usije ukaniona."

Niliona aibu, nikakosa hata pa kutazama. Nilitaka kusema mchuzi ulikuwa mtamu, lakini nani angeniamini na kikopo kipo mezani?

Siku hizi anapika wifi, na tui lake ni la haki kabisa. Mama anakaa nami sebuleni tukisubiri kuitwa kula. Nimemwomba mara mbili anipikie tena, hata kwa tapioka. Ananijibu kwa upole kwamba mpishi yupo jikoni.