Kochi la Wageni

Mwalimu wa fasihi, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mzee Ishara, siku hiyo aliichambua hadithi fupi mpaka mate yakamkauka.

"Kochi lililofunikwa nailoni ni ishara!" alifoka. "Ndilo tabaka la juu hilo! Mnyonge kazi yake ni kulipangusa vumbi tu!"

Akarudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akaketi mkekani. Kochi lao, lililovaa nailoni tangu litoke dukani, lilikuwa la wageni wa heshima. Alipolisogelea tu, mkewe akamkata jicho.

"Mama watoto, tunatawaliwa na kochi!"

"Kwani limekufokea? Kaa hapo hapo."

Jioni mkuu wa shule akapiga hodi. Mke akalipangusa kochi haraka haraka. "Karibu mzee wetu, karibu juu!"

Mkuu akalitazama kochi, akanywea, akashuka taratibu hadi mkekani, ubavuni mwa mwalimu.

"Mniwie radhi, nimezoea," alisema. "Hata kwangu kochi ni la wageni."

Mke akainyoosha nailoni, uso umemchanua. "Umeona, baba watoto? Wenye hadhi zao hawakalii makochi ovyo."