Barabara Iliyozibwa na Mama Mkwe

Shule niliishia darasa la pili, na hata hilo la pili sikulimaliza. Nasema mapema ili mtu asije akanitafutia makosa humu halafu akadhani amegundua kitu. Nyumba ninayokaa nimeijenga kwa nyundo na mkasi wa bati. Watoto wangu wamesomeshwa na ndoo, masanduku na keni. Sijawahi kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Na sijawahi kulipia kitu ambacho sikukitumia, tabia ambayo mke wangu anaiita ubahili na mimi naiita akili.

Ndiyo maana ile nauli ya bajaji ilinikaa kooni.

Nilikuwa natoka Urambo. Wakati wa kuandaa vitalu vya tumbaku ukikaribia, wakulima wanahitaji keni za kumwagilia miche, na keni zangu hazivuji. Anayesema zinavuja aje na maji yake. Niliuza karibu zote, chache zilizobaki nikazifunga kamba, nikashuka nazo stendi ya Tabora. Mjukuu wangu alikuwa ameshaniwekea kwenye simu programu ya kuitia bajaji. Unabonyeza, bajaji inakuja, ukifika nauli inakatwa yenyewe kwenye pesa zako za simu. "Hakuna kubishana, babu," alinieleza. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Biashara isiyo na kubishana ni biashara gani?

Bajaji ikaja. Dereva alikuwa kijana mwenye umri wa kuwa na mke, Msukuma wa kule Choma, sauti yake ya chini kama ya mtu aliye msikitini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nipeleke mtaa wa Ng'ambo, na keni zangu zisibondeke."

"Hazibondeki, mzee."

Kutoka stendi hadi karakana yangu ni karibu. Ukitia kashata mdomoni pale stendi, inakwisha ukiwa mlangoni kwangu. Tulikwenda vizuri mpaka tulipokaribia soko. Ghafla akakanyaga breki, keni zote zikanipiga kisogoni, akakata kona na kuingia kichochoro ambacho hata mbuzi hupita kwa kupeana zamu.

"Vipi tena?"

"Samahani mzee. Kuna mtu kule mbele."

"Barabarani lazima kuwe na watu. Ulitaka kuwe na nini, samaki?"

"Huyu siwezi kupita mbele yake."

"Anakudai?"

"Hapana mzee. Ni mama mkwe."

Kwa wasomaji wa kwingine nieleze. Kwetu Wanyamwezi, na ndugu zetu Wasukuma, mwanamume hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso hivi hivi. Akimwona anakuja, anaacha njia na kujiweka kando mpaka mama apite. Hakai naye mkeka mmoja, hali naye sahani moja. Hawana ugomvi hata kidogo, ni heshima tu. Siku hizi vijana wengi wameitupa, wanapiga picha wameshikana mabega na wakwe zao, na picha hizo mimi huziangalia kwa jicho moja. Kwa hiyo nilipompata mmoja anayeogopa mpaka anaparamia vichochoro, roho yangu ilitulia.

"Zunguka, mwanangu," nikamwambia. "Zunguka kabisa."

Akazunguka. Tukatokea upande wa pili wa soko, na mama mkwe huyo hapo, anaonja dagaa. Kona! Keni zikanipiga tena.

"Amefikaje huku?" nikauliza.

"Anatembea sana, mzee. Amekuja kumtunza mke wangu, amejifungua. Tangu aje, mimi nalala kwa rafiki yangu. Chakula napewa dirishani."

"Na mtoto umeshamshika?"

"Nimeonyeshwa. Dirishani."

Tukaenda mbali, tukafika karibu na reli, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hana sababu ya kupita akielekea Ng'ambo. Nikasema hapa tumemweza. Wapi! Yule mama anavuka reli, kikapu kichwani, anakuja moja kwa moja upande wetu. Kijana akageuza bajaji kwa gurudumu moja. Mimi nikajikuta nimeinama nyuma ya keni zangu kana kwamba yule ni mama mkwe wangu mimi, ambaye alifariki zamani.

Tulifika. Simu ikalia. Nikatazama: nauli imekatwa mara tatu ya ile niliyoonyeshwa kabla ya kupanda.

"Nini hiki?"

"Si mimi, mzee, ni simu. Inahesabu njia yote tuliyopita."

Akaingiza mkono mfukoni anirudishie iliyozidi. Nikaukamata mkono wake nikaurudisha ulikotoka. Kijana ana hesabu ya kumpelekea bosi mwenye bajaji kila jioni, ana mtoto wa dirishani, nimnyang'anye? Ugomvi wangu ulikuwa na kampuni, watu wanaokaa Dar es Salaam na kunikatia pesa bila kunisalimia.

Mke wangu alisikiliza habari yote, kisha akauliza, "Si wewe uliyesema zunguka?"

"Nilisema azunguke kwa heshima. Sikusema azunguke kwa nauli."

Basi nikaingia kwenye ile programu kulalamika. Wanakupa sababu uchague. Dereva alikuwa na lugha mbaya. Chombo kilikuwa kichafu. Dereva alichukua njia ndefu. Ya mama mkwe haikuwepo, na pa kuandika maneno yangu hapakuwepo. Nikachagua njia ndefu, kwa kuwa ndefu ilikuwa ndefu. Wakanijibu kwamba wanashughulikia. Nikanywa chai yangu kwa raha.

Kesho yake kijana akasimama mlangoni pa karakana bila bajaji.

"Mzee, wamenifungia."

"Nani?"

"Kampuni. Wanasema nilizungusha mteja makusudi nimwibie. Sipati abiria hata mmoja. Na bosi ameshachukua bajaji yake, anasema nisipofunguliwa haraka anampa mwingine."

Nyundo ikanitoka mkononi.

"Mimi nimeishtaki kampuni! Wewe umeingiaje?"

"Wao wanaona kosa lazima liwe langu, mzee. Na mama akisikia nimefungiwa kwa wizi, anambeba binti yake na mtoto, anarudi nao Choma. Mimi namjua."

Nilipiga simu palepale, nikaifungulia sauti. Akapokea binti mwenye sauti ya asali, asali ya kwao huko Dar, si hii yetu ya msituni.

"Shikamoo baba, nikusaidie nini?"

"Marahaba. Mmemfungia kijana asiye na kosa. Mfungueni."

"Lakini baba, naona ni wewe uliyelalamika kwamba alichukua njia ndefu."

"Aliichukua."

"Basi kosa ni lake."

"Si lake."

"Ni la nani, baba?"

"La mama mkwe."

Nikasikia anavuta kiti.

"Huyo mama mkwe alikuwa ndani ya bajaji?"

"Wewe binti! Angekuwa ndani, dereva angekuwa nje!"

Nikamweleza, polepole, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo. Akasema, "Baba, naiangalia safari yako hapa kwenye ramani. Imejikunja kama utumbo wa mbuzi. Kwa nini asingempita tu haraka haraka?"

"Umeolewa?"

"Bado, baba."

"Utakapompata, mlete huku kwanza nimfundishe. Sikiliza. Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu. Mtu akiona mkwe anakuja, anatua mzigo, anaingia porini. Msafara mzima unamsubiri. Na hakuna aliyekatwa posho!"

Akacheka kidogo, akajizuia. Akasema anahitaji mtu wa tatu aliyeona, asiwe mteja wala dereva, na dereva mwenyewe awe karibu na simu ajibu maswali. Atapiga mchana.

Mtu wa tatu alikuwa mmoja tu duniani.

Mke wangu akaenda kumwita, mwanamke kwa mwanamke, akamweleza habari yote njiani. Nikabaki na tatizo la kumweka kijana mahali ambapo simu itamsikia na mama mkwe hatamwona. Karakana yangu haina chumba cha ndani. Lakini lilikuwepo tangi kubwa la kukingia maji ya mvua, nililokuwa nimelisimamisha juu ya matofali, bado sijaliwekea kitako.

"Ingia," nikamwambia.

"Mzee!"

"Ingia, nasikia miguu ya watu."

Akapita chini ya tangi, akasimama ndani. Kiwiliwili chote kilipotea. Miguu ikabaki nje, kati ya matofali, na kandambili zake za bluu.

Mama akaingia. Mfupi, kitenge kiunoni, kikapu kilekile.

"Mwadila," akatusalimu. Tukaitikia. Akaitazama karakana, akazitazama zile kandambili kwa muda ambao mtu anatazama nyama buchani, kisha akageuza kigoda, akakaa na kuligeuzia tangi mgongo. Mke wangu akaziba mdomo kwa khanga.

Simu ikalia. Nikaiweka juu ya sanduku.

"Shikamoo mama," akasema binti wa Dar. "Siku ile ulimwona dereva?"

"Sikumwona."

"Hukumwona?"

"Niliona bajaji. Sokoni inageuka. Kwenye dagaa inageuka. Relini inageuka, karibu ianguke. Nikasema moyoni, yule ni mkwe wangu."

"Ulijuaje, mama, kama hukumwona?"

"Ningemwona asingekuwa mkwe wangu."

Tukasikia mtu mwingine anacheka huko ofisini. Binti akakohoa.

"Sawa. Na sasa hivi dereva yupo hapo?"

Mimi nikatazama juu. Mke wangu akatazama chini. Mama akajibu, mtulivu kabisa, "Mimi simwoni."

"NIPO!" likanguruma tangi.

Kuku wa jirani wakaruka ukuta. Mimi mwenye tangi nilishika kifua. Mama hakugeuka hata shingo. Akaniambia, "Baba, tangi lako lina adabu, linaitika likiitwa."

Ofisi nzima ya Dar ikaanguka kicheko. Mama akawaacha wacheke, kisha akainamia simu.

"Mwanangu, mkimaliza kucheka nisikilizeni. Huyo mnayemwita mwizi aliacha njia mara tatu kwa ajili yangu, na abiria amepakia. Angenipita pale mbele ya macho yangu, ningekuwa nimeshamchukua binti yangu nikaenda naye Choma. Asiyenionea haya mimi, huko ndani atamwonea haya nani? Mfungulieni."

Binti akasema kwa sauti iliyobadilika, "Nimeelewa, mama. Tatizo ni kompyuta. Inataka sababu ya dereva kuacha njia, na sababu hii haimo."

"Zilizomo ni zipi?" nikauliza.

"Ajali. Mafuriko. Msafara wa viongozi. Barabara kufungwa."

"Hiyo hapo ya mwisho. Andika barabara ilifungwa."

"Ilifungwa na nani, baba? Nikiulizwa?"

"Na huyu mama hapa. Waulize watu wa Tabora kama kuna mkwe angepita."

Akaandika. Tulisikia vidole vyake. Akasema pesa iliyozidi nitarudishiwa, na itatoka kwenye kampuni, haitatoka kwa dereva. Nikamwambia sasa ndiyo tumeanza kusalimiana. Mara ndani ya tangi simu ya kijana ikalia, na tangi likasema, polepole safari hii, "Nimefunguliwa."

Hapo mtu angedhani mambo yamekwisha. Lakini mama hakuondoka. Alikubali chai. Alikubali na maandazi. Akamsimulia mke wangu habari za kitenge kimoja alichobishania bei sokoni, tangu mwanzo. Jua la mchana lilikuwa limelipiga lile bati mpaka linatoa milio midogo, na zile kandambili zilikuwa zinabadilishana kusimama, mara ya kulia, mara ya kushoto. Mama akaomba kikombe kingine. Nilimtazama usoni nikajua anafurahi kuliko sisi sote.

Mwishowe akainuka, akajitwika kikapu. Mlangoni akamwambia mke wangu kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto:

"Ukimwona yule ambaye mimi sikumwona, mwambie leo nahamia chumba cha uani. Nitafunga mlango wangu. Aingie kwake amshike mwanawe, asiendelee kumchungulia dirishani kama mwizi wa sufuria."

Akaenda zake, taratibu, na kwa mara ya kwanza alipita kandokando kabisa ya barabara.

"Mzee," likauliza tangi, "ameshafika mbali?"

"Hesabu mpaka uchoke, ndipo utoke."

Alitoka amelowa kama amevuliwa ziwani, masizi ya risasi ya kulehemia usoni. Hakunawa wala hakungoja maji ya kunywa niliyomwekea. Alikimbia kuelekea kwake, na sikumshangaa, nami ningekimbia. Bajaji alirudishiwa. Siku hizi akinipakia tunakwenda moja kwa moja, maana ameniambia mama amesharudi Choma, na mtoto ananenepa. Ikija bajaji ya mtu nisiyemjua, mimi huuliza kabla sijapanda: mama mkwe wako leo yuko wapi? Wengine wananiona nimezeeka. Wenye wakwe hunijibu upesi.

Tangi nililitia kitako, likapata mnunuzi. Akaligonga gonga, akaniuliza kama limejaribiwa.

"Limejaribiwa," nikamwambia, "na baba mzima wa mtoto. Halikuvuja hata siri."