Wali Uliobonyezwa kwa Dole Gumba

Kupika najua. Nilijua hata mwaka ule wa kwanza wa ndoa yangu, nilipokuwa mwalimu wa sayansi katika kijiji cha ujamaa, si mbali na Shelui. Kwa hiyo shangazi wa mume wangu alipokuja na wageni wenzake kutoka Ulemo kuniona, niliwasha moto bila wasiwasi. Nilipika mchele mpya wa shamba la kijiji, wa mbegu aliyotuletea bwana shamba.

Nilipofunua sufuria, wali ulikuwa bonge moja. Shangazi akafinyanga tonge, akalibonyeza kwa dole gumba kama anakula ugali wa uwele, akachota mchuzi.

"Mwalimu, huu wali au bokoboko?" akauliza. "Mwanetu ameoa chaki!"

Wageni wakacheka. Mama mkwe wangu alikula kimya, kainama. Iliniuma sana. Kwetu jina la mpishi mbovu likishakuganda, hata wajukuu wako watalirithi.

Asubuhi yake niliomba iodini zahanati, nikawaita wote uani. Sahani moja niliweka unga wa mchele wetu wa zamani, ya pili unga wa ule mpya, nikadondoshea dawa. Wa zamani ukawa bluu ya kukaribia weusi. Mpya ukawa wa rangi ya matofali.

"Ndani ya punje ya mpunga kuna fundi," nikawaambia. "Anaunga sukari moja baada ya nyingine, anapata uzi mrefu ulionyooka. Uzi huo ndio unaofanya wali uchambuke. Mbegu hii haina fundi huyo. Ina wanga wa matawi tu, ukiiva unang'ang'aniana."

Baadaye nilisoma kwamba fundi huyo ni kimeng'enya, ana pande mbili na mwanya katikati, na sukari huungwa humo mwanyani. Siku ile nilichokijua kilinitosha.

"Angepika yeyote, ungeganda," nikamaliza, nikimtazama shangazi kwa ukali uliozidi adabu.

Shangazi akamgeukia mama mkwe. "Wifi, unamsikia mkweo?"

Mama mkwe alizitazama sahani. "Anasema kweli," akajibu. "Juzi niliupika mwenyewe, ukanishinda. Nikawamwagia kuku."

Juzi! Wageni walikula jana. Mama alijua kabla sijabandika sufuria, akaniacha nichekwe.