Kitako cha Meda

"Kwangu hapa, hata malaika akikuya na kipimo chake, ataona haya!" alitangaza muuza chisense siku moja, soko zima la Kashikishi likimsikia, na Chouchou, jirani yake wa meza, akacheka hadi kitenge kikamlegea. Muuza chisense huyo, vile visamaki vikavu vya Ziwa Mweru, hupepeta mchanga kwanza, kisha hujaza meda, lile kopo la kupimia, hulitikisa, huongeza, halafu huongeza tena. Sauti yake ni ya kugombeza hata anapotoa nyongeza. Baada ya kila mteja hupapasa kitako cha kopo kwa kidole gumba. Wenzake, Chouchou akiwemo, wamegonga vitako vya meda zao vikaingia ndani ili zipime pungufu. Dini wameiacha kanisani ipumzike.

Jumamosi meda yake ilianguka juu ya jiwe, naye akaiokota bila kuitazama. Alikuwa amekwisha kumpimia Mama Arlène wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala kidole kilipokuta kitako kimebonyea. Kisha akachota chisense mikono miwili, akakimbilia lori lililokuwa likiondoka naye. "Mama Arlène! Nimekuibia! Fungula mufuko!" Lori zima likaangua kicheko. "Uko na wazimu?" Chouchou alimwuliza aliporudi akihema. "Shiye tunalipaka mutu wa kugonga, weye umeipata bule!" Muuza chisense aliikanyaga ile meda mpaka ikawa sahani. Chouchou akatazama huku na huku kama mwizi, akaingiza mtwangio ndani ya meda yake, akasukuma kitako kirudi nje. Muuza chisense alinunua meda mpya siku ileile. Kwacha arobaini.