Masikio ya Fundi Yakani

Nitasema mapema usije ukanilaumu kwamba nilikuficha: Fundi Yakani alikuwa anakuwa kiziwi, na mtu pekee aliyejua ni mkewe. Fundi wa dizeli asiyesikia amekwisha kazi. Mwenyewe alilijua hilo kuliko sisi sote, ndiyo maana alificha.

Ufundi aliupata katika karakana ya jeshi, kisha akafungua gereji yake mtaa wa Oli, mjini Arua: mabati machache na shimo la kuingilia chini ya magari. Hakuwa na kompyuta ya kupima injini wala hakuitaka. Alikuwa anakwambia uwashe, ukanyage mafuta, huku yeye amefumba macho, kisha anayafumbua, anatupa jicho mlangoni, anautaja ugonjwa. Mimi Yasiri naendesha lori mwaka wa kumi na tisa sasa, na kila ninachojua kuhusu injini nimekipata kwa matusi yake. Alitukana vizuri, mzee yule.

Basi Machi hii lori likaanza kunisumbua. Nilikuwa nimepakia muhogo mkavu kutoka Koboko, na kila kilima lilikuwa linatambaa, moshi mweusi umeziba barabara mpaka watu wa boda wananionyesha ngumi. Nilifungua chujio cha hewa, nikakuta ni safi. Nikabadilisha chujio cha dizeli, wapi! Tena likivuta mzigo, kulikuwa na sauti nyembamba upande wa injini, fyuuu, mfano wa mtu anayepiga mluzi kwa mbali. Sikuhangaika kuifuata. Nilijua pa kwenda.

"Mzee, gari hii iko nakosa pumuzi," nilimwambia Yakani. "Kwa mlima inatoa moshi nyeusi, nguvu hakuna."

Akanitazama mdomoni, akakubali kwa kichwa. "Pampu," akasema.

"Pumuzi, mzee. Na iko napiga filimbi."

"Ndiyo, nimesikia. Pampu."

Mimi ni nani nibishane naye? Nilidhani ameona mbali kuliko mimi. Aliniambia nikanyage mara tatu, akaweka kiganja juu ya injini, akautazama moshi kwa makini, macho wazi. Macho wazi, yeye Yakani! Hapo ningeshtuka kama ningekuwa na akili, lakini nilikuwa namwamini mno.

Siku mbili zilipita akiifungua pampu inayosukuma dizeli, akiisafisha na kuirudisha. Siku ya tatu tukawasha, moshi ukazidi. Akasema basi ni nozo, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Akazitoa zote nne, akazipima, akazirudisha, moshi ni uleule. Spana ikamponyoka mara mbili. Nilitamani aseme "sijui" tu, tutafute pamoja, lakini neno hilo halikumtoka.

"Mama Poni iko wapi?" nikamwuliza, maana meza ya chai ya mkewe, inayokaa siku zote mlangoni mwa gereji, ilikuwa tupu.

"Chai hakuna," akajibu.

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Siku ya nne mchana, Rosa Kiden, mkewe, akashuka kwenye boda na mfuko wake. Alikuwa ametoka kwao Lurujo, kule Koboko, ambako kwa wiki tatu alikuwa anamwuguza mama yake aliyepooza. Alinikuta ndani ya lori, nimekanyaga mafuta mpaka chini. Hakunisalimia. Alikwenda akasimama mbele ya mumewe, amwone vizuri, akakunja midomo kama anayepiga mluzi. Kisha akaonyesha kwa kidole upande ule sauti ilikotoka.

Yakani akanipungia mkono nizime. Akainama, akaupapasa mpira mnene unaopeleka hewa kutoka turbo, feni ya kusukuma hewa, hadi injini, akaulegeza, akaugeuza. Upande wa chini, usioonekana kwa macho, ulikuwa umepasuka urefu wa kidole. Hewa yote ilikuwa inavujia pale. Injini ilikuwa inameza dizeli bila hewa ya kuichomea, inatema moshi.

Pumzi. Nilikuwa nimemwambia pumzi, tena mara mbili.

Nilimtazama Rosa, nikaitazama ile meza yake. Miaka mingapi tumekaa pale tukinywa chai na kumsifu mzee, kumbe anayesikia ni mama anayetumiminia maziwa?

"Ni miaka tano," Rosa akasema kabla sijauliza.

Mpira mpya tuliufunga kwa dakika ishirini, na moshi ukaisha. Ningefurahi. Lakini Rosa alikuwa amekuja kuchukua nguo tu, arudi Lurujo, na Yakani alipomwona anafunga mfuko alinishika mkono kwa nguvu, akaniingiza nyuma ya mabati.

"Yasiri, mtoto yangu, kaa na mimi. Mwezi moja tu. Wewe unasikia, mimi nafanya. Mutu hapana jua."

"Mzee, gari si yangu. Nikiiacha, mwenyewe anaipa dereva mwingine."

Hakusikia. Ingebidi nimpigie kelele sikioni, na jambo la siri haliwezi kupigiwa kelele, basi nikatikisa kichwa tu. Alilia. Sikuwahi kumwona akilia, na sikujua nitazame wapi.

"Mama yangu hawezi geuka kwa kitanda peke yake," Rosa, aliyekuwa ametufuata, akamwambia polepole, ameushika uso wake kwa mikono miwili ili asome midomo. "Mimi nitajikata mara mbili?"

"Basi usiambie mutu," Yakani akaniambia. Nikaapa, na nilimaanisha.

Baada ya siku mbili nilikuwa Koboko napakia tena. Moris, dereva mwenzangu, akaja lori lake linagonga, kila mtu sokoni amegeuka. Akaniuliza kama Fundi Yakani yuko, maana anapeleka gari Arua kesho.

Nilifikiria injini ile ikifunguliwa bure siku nne, spana ikimponyoka mzee, meza ya chai tupu.

"Nenda kwa Obeti," nikasema. "Iko na gereji Inde."

"Inde? Kwani mzee iko mgonjwa?"

"Hapana. Inde iko karibu."

Ukitoka Koboko huwezi kufika Inde bila kupita Arua kwanza. Moris akaenda kwa madereva wengine, nikamsikia akiwauliza kwa nini mimi namkwepa Fundi Yakani siku hizi. Kufikia Ijumaa hapakuwa na gari hata moja mbele ya gereji ya Yakani.