Yai la Bata la Bwana Siang

Bwana Ooi Kheng Siang hakuwa mwongo, na asitokee mtu akamwita hivyo mbele yangu. Alikuwa mtia chumvi tu. Samaki aliyemnunua sokoni akiwa wa kiganja, akifika naye nyumbani alishakuwa wa kufika kwenye kiwiko, na mvua iliyomnyeshea yeye ilikuwa kubwa kuliko ile iliyowanyeshea watu wengine wote wa George Town. Mkewe, Gaik Imm, alishamzoea. Akiletewa habari aliikata nusu, kisha nusu iliyobaki akaiamini kwa moyo mweupe.

Ila kulikuwa na habari moja ambayo hata ukiikata nusu hakibaki kitu. Siang alidai kwamba yeye na Ah Kooi, mkaanga tambi wa nyuma ya soko, walikuwa kama ndugu.

"Akiniona tu natokea kwenye kona," alikuwa akisema, "karai linaanza kulia. Sina haja ya kufungua mdomo."

Hapo kwenye mdomo alikuwa anasema kweli. Kwa Ah Kooi hakuna aliyefungua mdomo, na wa kwanza kutoufungua alikuwa Ah Kooi mwenyewe, mtu mwembamba mwenye taulo shingoni, aliyekaanga sahani moja moja juu ya mkaa na kuwatazama wateja kama wapitanjia wasiomhusu. Mayai aliyokuwa nayo yeye ni ya kuku, ndani ya kikapu. Mtu anayejua kula alikuja na lake la bata kutoka nyumbani. Ukifika unaliweka kwenye kihori cha mbao pembeni mwa jiko, nyuma ya yai la mwisho, unakwenda kukaa. Foleni ilikuwa ya mayai. Ukitaka pilipili nyingi unachora duara kwa penseli juu ya ganda, na ukiwa hutaki kombe wa baharini unachora alama ya kukata. Zamu ya yai lako ikifika linapasuliwa, na tambi zako pana za mchele zinatoka zimeungua kidogo pembeni, zina kamba, machipukizi ya choroko na vipande vya mafuta ya nguruwe vinavyolia mdomoni.

Siang hakutaka kombe, kwa hiyo yai lake lilikuwa na alama ya kukata. Kila Jumamosi asubuhi aliliweka, akala palepale, akambebea mkewe za kwake zikiwa zimefungwa kwenye jani la mgomba, maana Imm moshi ulimpalia na kukaa barabarani hakupenda. Siku ya kwanza kabisa alimweleza Ah Kooi mambo hayo yote, na la kikohozi cha mkewe akaliongezea. Ah Kooi hakujibu. Tangu siku hiyo hawakusemeshana tena. Sahani ilikuja sawasawa kila wiki, lakini Siang akitafuna alikuwa akijiuliza jambo moja lile lile: huyu bwana ananijua mimi, au analijua yai?

Usimcheke haraka. Kazi yake ya maisha ilikuwa kwenye kivuko cha kwenda Butterworth, ng'ambo ya kisiwa, kwenye mnyororo. Magari yakija anaushusha, yakijaa anaupandisha. Kisiwa kizima kilipita mbele yake na kuuona mkono wake. Siku moja alikutana madukani na bwana ambaye alimfungulia mnyororo kila asubuhi kwa miaka, akamsalimia kwa furaha kama mtu aliyepata jamaa. Yule bwana akashika mfuko wa suruali yake na kuongeza mwendo. Siang alifika nyumbani akaisimulia kama kichekesho, na Imm, siku hiyo, hakukata hata kidogo.

Basi binti yao, Hui Ping, akapata mchumba kutoka mji wa Ipoh. Mvulana hakuwa na neno. Tatizo lilikuwa baba yake, Foong Wai Keong, mjane mwenye duka la miwani, aliyeamini kwamba chakula cha nchi hii kilianzia Ipoh na kuharibikia njiani. Huyu alipiga simu.

"Mkwe, Ping ananiambia una ndugu yako hapo anakaanga tambi."

"Ah Kooi," Siang akasema, na sauti yake ikapungua.

"Huyo huyo. Mimi nakuja Jumamosi. Tambi zenu ni nzuri, sikatai, kwa mtu ambaye hajafika Ipoh. Ila ninachotaka kuona ni huyo ndugu yako anavyokupokea. Kwetu mkaangaji akikujua anaacha karai anakuja kukushika mkono."

"Atafurahi sana," Siang akasema, na alipokata simu akakaa chini.

Wiki hiyo aliugua magonjwa matatu na yote yakakataa kumlaza. Jumamosi ikafika, na Foong naye akafika, mfupi, safi, miwani inang'aa. Imm alikuwa jikoni anapika uji wa mchele kwa ajili ya mgeni, na mayai yake ya bata aliyokuwa ameyalowesha kwenye chumvi tangu mwezi uliopita alikuwa ameshayatoa mtungini, akayaosha, akayaweka kwenye bakuli tayari kuchemshwa. Mayai mabichi yalikuwa kikapuni chini ya meza, yalikokuwa siku zote. Siang aliingia jikoni mbiombio, roho iko juu, akaona mayai ya bata, akachukua mawili. Moja akalichora alama yake. La mgeni akaliacha jeupe. Kwa nje yai la chumvi na lisilo la chumvi ni mtu na pacha wake.

Kwa Ah Kooi kihori kilikuwa kimejaa. Siang aliweka mayai yake mwisho, akakohoa, akasimama kidogo. Ah Kooi alikuwa anapepea mkaa. Hakuinua kichwa.

"Hakukuona?" Foong akauliza.

"Ana moto."

"Moto uko chini, mkwe. Sisi tuko juu."

Walikaa. Siang akaanza kuzungumza, na akianza huyo hanyamazishwi: moto wa mkaa, uzito wa karai, jinsi Ah Kooi anavyowachagua kamba. Foong alikuwa anatazama sahani ya jirani.

"Machipukizi ni membamba," akasema.

"Ndivyo yanavyotakiwa."

"Kwetu ni manene. Ni maji ya vilima vyetu." Akageuka tena kumtazama mkaangaji. "Huyu ndugu yako, anakuita nani hasa? Siang? Kaka?"

"Inategemea siku," Siang akasema.

Mayai yalizidi kusogea. Kila moja lilipopasuka, Siang alihisi ni yeye anayesogezwa. Alijua kitakachotokea: zamu yao itafika, sahani mbili zitawekwa juu ya ubao, Ah Kooi atawaelekeza kwa kidevu kwamba ni zao, basi. Foong atarudi Ipoh, na harusini, mbele ya meza zote, atainuka na glasi yake aisimulie habari ya mtu aliye ndugu na yai lake.

Yai jeupe likafika. Ah Kooi alilichukua kwa mkono mmoja, akaligonga kwenye ukingo wa karai. Ute ukatoka mwepesi kama maji. Halafu kiini kikadondoka kizima, kigumu, rangi ya chungwa, kikagonga chuma na kuanza kuviringika. Kilizunguka karai kama gololi, kikapita kati ya tambi, kikapanda upande mmoja, kikarudi. Ah Kooi alikifuata kwa macho mpaka kiliposimama.

Akaacha kupepea. Watu wakaacha kutafuna. Wengine hawakuwahi kuliona karai lile likinyamaza wakati wa kazi. Ah Kooi akaliinua yai la pili, akaiona alama ya kukata, akainua kichwa. Hakutafuta. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Siang.

"We kaka wa Jumamosi. Njoo hapa."

Siang akaenda.

"Niambie. Umechoka na maisha au umechoka na mimi?"

"Kuna nini?"

"Kuna nini! Yai la chumvi. Umeniletea mayai ya chumvi niyakaange."

"Nimekosea bakuli."

"Amekosea bakuli," Ah Kooi akawaambia watu, na watu wakaanza kucheka. "Miaka yote hii mtu huyu hajanikosea hata siku moja. Bila kombe, ziungue kidogo. Za mkewe zifungwe, na pilipili isiwepo, kwa sababu mama ana kikohozi. Anakaa pale chini ya saa, anatazama yai lake kama litaibwa. Mwaka jana akapotea mwezi mzima." Hapo akamgeukia Siang, na sauti ikawa ya chini kuliko alivyotaka. "Kila Jumamosi naacha nafasi kwenye kihori. Watu wananiuliza hii ni ya nani, sina hata jina la kuwatajia. Nikasema basi, kaka yule amekufa. Halafu siku moja unatokea, umekonda, unaweka yai lako unakwenda kukaa. Hata neno. Ulikuwa wapi?"

"Hospitali," Siang akasema. "Ngiri. Walinipasua."

"Ngiri." Ah Kooi akafikiri. "Umepona?"

"Nimepona."

"Basi kakae. Leo mtakula yai la kuku, mpate adabu."

Foong alikuwa ameshafika nyuma yao. "Samahani, bwana," akasema. "Hicho kiini usikitupe."

Ah Kooi akamtazama, akakichota kwa mwiko wa chuma, akakiweka ukingoni mwa sahani ya mgeni.

Siang alirudi mezani masikio yanawaka na macho yamejaa. Alisema ni moshi. Haukuwa moshi, na upepo ulikuwa unakwenda upande mwingine. Alikuwa ametukanwa mbele ya soko zima, na tangu Hui Ping azaliwe hakuwahi kuwa na furaha kubwa namna ile. Mayai ya kuku hayana ladha, alilisema hilo maisha yake yote, na siku hiyo alilamba sahani.

"Nina ndugu wanne wa tumbo moja," Foong akasema mwishowe, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kunigombeza hivyo. Nakuvulia kofia, mkwe."

"Na tambi?"

"Tambi zinalika." Akakimalizia kiini polepole, akafuta mdomo. "Ila hiki, aliyekitia chumvi hiki ni nani?"

Nyumbani Imm alikuwa mlangoni na mwiko. "Baba Ping, mayai yangu mawili yamekwenda wapi?" Foong ndiye aliyesimulia, na alipofika mwisho kiini kilikuwa kimezunguka karai mara nyingi sana na Ah Kooi amelia. Siang hakumsahihisha. Imm alicheka mpaka akakohoa, akamkaribisha mgeni uji, kisha akamfuata mumewe jikoni.

"Kwa hiyo leo ndiyo amekusemesha," akasema kwa sauti ndogo.

Siang akabaki na bakuli mkononi. "Ulikuwa unajua, Mama Ping?"

"Wewe ukipanda basi unarudi na maneno ya dereva. Ukinunua samaki unarudi na maneno ya muuzaji na ya mama mkwe wake. Kwa huyo ndugu yako umekwenda miaka yote hii, na hujaniletea neno lake hata moja. Hapo ningekata nusu ya nini?" Akamchukulia bakuli. "Lete nijaze. Mgeni anasubiri."

Jumamosi iliyofuata Siang alilichukua yai kutoka kikapuni chini ya meza, akalinusa, akalichora alama yake. Alipofika, Ah Kooi alikuwa anapepea mkaa na hakuinua kichwa. Siang akakaa chini ya saa. Zamu yake ilipofika Ah Kooi alilichukua lile yai, lakini hakulipasua. Aliliinua mpaka kwenye balbu ya juu ya jiko, akafumba jicho moja, akachungulia ndani yake taratibu, akaligeuza, akachungulia tena, watu wote wakimtazama na kumtazama mwenye yai na kucheka. Kisha akaligonga ukingoni, akakaanga.

Siang alirudi nyumbani na furushi la jani la mgomba. Imm akalifungua mezani, akamsogezea kiti.

"Haya, leo amesema nini?"

"Hajasema kitu," Siang akajibu. "Ameliangalia yai langu kwenye taa."

Imm alisubiri habari zilizobaki, kisu chake cha kuzikata nusu kikiwa tayari. Hazikuja. Akaiamini yote.